Sumu za bakteria katika utumbo wa viluwiluwi wa mbu

Sumu za bakteria katika utumbo wa viluwiluwi wa mbu ni protini zinazotengenezwa na bakteria wawili wa udongoni, Bacillus thuringiensis israelensis (kwa kifupi Bti) na Lysinibacillus sphaericus, ambaye zamani aliitwa Bacillus sphaericus (kwa kifupi Bs). Protini hizo humuua kiluwiluwi baada ya kukatwa na vimeng'enya na kushikamana na ukuta wa utumbo wake. Nchini Tanzania bakteria hawa wanazalishwa kwa wingi katika kiwanda kilichopo Kibaha, mkoa wa Pwani, na kuuzwa kama dawa ya kumwagia kwenye mazalia ya mbu.

Sumu hizi hazina nguvu zikiwa peke yake. Zikitoka kwa bakteria ni fuwele ndogo sana zisizomdhuru mtu anayezishika. Ili zifanye kazi zinahitaji utumbo wenye besi kali, vimeng'enya vya kuzikata, na mahali maalumu pa kushika kwenye ukuta wa utumbo, panapoitwa kipokezi. Kiumbe aliyekosa vitu hivyo hadhuriki. Kwa hiyo dawa huua viluwiluwi na kumwacha samaki aliye kwenye dimbwi hilohilo. Kwa sababu hiyohiyo, mbu aliyepoteza kipokezi huweza kukua na kuruka kutoka kwenye maji yaliyotiwa dawa.

Kiwanda cha Kibaha

Kibaha ni makao makuu ya mkoa wa Pwani, karibu kilomita 40 magharibi ya katikati ya Dar es Salaam kwenye barabara ya Morogoro. Kiwanda kiko eneo la viwanda la TAMCO na kinaitwa Tanzania Biotech Products Limited. Mmiliki ni Shirika la Taifa la Maendeleo (NDC), na teknolojia ilitoka Kuba kwa kampuni ya Labiofam. Kilizinduliwa mwaka 2015 wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea na kuagiza halmashauri za nchi nzima zichukue dawa hiyo na kuitumia.

Bidhaa zake kuu ni mbili. Bactivec imetokana na Bti, na Griselesf imetokana na Bs wa aina inayojulikana kwa namba 2362. Aina hiyo ina asili ya Afrika: ilipatikana Nigeria ndani ya mwili wa usubi, yule nzi mdogo anayeeneza upofu wa mtoni. Bti iligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negevu nchini Israeli, kwenye dimbwi lililojaa viluwiluwi waliokufa, na ndiyo maana ya neno israelensis.

Watu wengi huzitaja dawa hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja kwenye chupa mbili. Si sahihi, na kosa hilo lina gharama, kwa sababu zinashika mahali tofauti utumboni na haziui mbu walewale.

Fuwele inavyogeuka sumu

Bakteria hawa wanapokosa chakula hujifunga ndani ya spora, yaani ganda gumu la kuvumilia shida. Wakati huohuo hutengeneza fuwele ya protini kando ya spora. Kiluwiluwi wa mbu hula kwa kuchuja maji: hupeperusha manyoya ya mdomoni na kumeza chochote kidogo kinachoelea, pamoja na spora na fuwele.

Sehemu ya mbele ya utumbo wa kati wa kiluwiluwi ina pH inayozidi 10. Ni hali ya besi kali kuliko maji ya sabuni ya kawaida, na ndimo fuwele inamoyeyuka. Tumbo la mwanadamu lina asidi, pH yake ikiwa kati ya 1 na 3 wakati hakuna chakula. Hapo tayari njia za viumbe hawa wawili zimeachana.

Protini iliyoyeyuka bado si sumu kamili. Wataalamu huiita sumu tangulizi. Vimeng'enya vya kumeng'enya protini vilivyomo utumboni mwa kiluwiluwi, vikiwemo vya jamii ya tripsini, huikata vipande. Protini ya Bti iitwayo Cry4Ba huwa na uzito wa takriban kilodaltoni 130, na baada ya kukatwa hubaki kiini cha takriban 65. Protini ndogo iitwayo Cyt1Aa hushuka kutoka 27 hadi karibu 25. Kwa Bs sumu ni ya sehemu mbili zinazofanya kazi pamoja: BinB yenye kilodaltoni 51, inayoshika ukuta wa utumbo, na BinA yenye 42, inayofanya uharibifu. Zote mbili hupunguzwa kwa kukatwa.

Kwa hiyo kiluwiluwi huuawa kwa msaada wa vimeng'enya vyake mwenyewe. Kazi yake ya kila siku ya kusaga chakula ndiyo inayofungua sumu.

Vipokezi

Walimu wa biolojia hufundisha vimeng'enya kwa mfano wa kufuli na ufunguo, na mfano huo unafaa hapa pia. Ukuta wa utumbo wa kati umepangwa seli zenye vinyweleo vidogo vinavyoongeza eneo la kunyonya chakula. Juu ya vinyweleo hivyo kuna protini nyingi, na baadhi yake ndizo zinazoshikwa na sumu.

Ajabu ni kwamba vipokezi vingi ni vimeng'enya. Sumu za Cry hushika aminopeptidasi na fosfatasi ya alkali, pamoja na protini ya kuunganisha seli iitwayo kaderini. Sumu ya Bs hushika glukosidasi, kimeng'enya cha kukata sukari. Mwaka 1999 watafiti waliofanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris walikitambua kipokezi hicho kwa mbu wa jamii ya Culex, na kikaitwa Cpm1. Mbu huyo hakukiweka hapo kwa ajili ya bakteria. Amekiweka kwa ajili ya mlo wake, na bakteria wamepata pa kushikia.

Sumu za Cry zikishashika, huungana kadhaa kwa pamoja na kutoboa utando wa seli. Maji na chumvi huingia bila mpango, seli huvimba na kupasuka. Kiluwiluwi huacha kula na kwa kawaida hufa ndani ya saa 24. Bs huenda polepole zaidi, mara nyingi siku mbili.

Cyt1Aa inastahili kutajwa peke yake. Haihitaji kipokezi cha protini, kwa sababu hujichomeka moja kwa moja kwenye mafuta ya utando wa seli. Mwaka 2005 watafiti wa Meksiko walionyesha kwamba, ikishajichomeka, huwa yenyewe kipokezi cha sumu nyingine ya Bti, Cry11Aa. Yaani bakteria huja na ufunguo pamoja na kufuli lake. Faida ya jambo hili itaonekana katika sehemu ya usugu.

Vimeng'enya vya bakteria vinavyobadilisha ushikaji

Mbali na vimeng'enya vya kiluwiluwi, bakteria wana vya kwao, na si vyote vinavyosaidia sumu.

Kati ya chakula na seli za utumbo wa mbu kuna ngozi nyembamba iliyojengwa kwa kitini, kitu kilekile kinachofanya ganda la kaa na la mende. Ngozi hii huzuia vitu vikubwa visifike kwenye seli. Aina nyingi za Bacillus thuringiensis hutoa kitinasi, kimeng'enya cha kuvunja kitini. Ngozi ikitobolewa, sumu nyingi zaidi hufika kwenye vipokezi. Kitinasi haibadilishi ufunguo wala kufuli. Inafungua ua tu.

Fosfolipasi hufanya kinyume. Kipokezi cha Bs kimening'inizwa juu ya seli kwa nanga ya mafuta na sukari, na kuna fosfolipasi za bakteria zinazokata nanga hiyo. Katika maabara, utando wa utumbo wa Culex ukitiwa fosfolipasi ya namna hii, kipokezi hukatika na kuelea, na utando hubaki bila pa kushikia sumu. Watafiti waliutumia mkato huo kama ushahidi kwamba kipokezi kimefungwa kwa nanga, wala hakikupita ndani ya utando. Mwanafunzi alikumbuke jaribio hili, kwa kuwa maumbile yalifanya jambo lilelile bila maabara, kama inavyoelezwa hapa chini.

Mfano wa tatu ni wa bakteria kujiharibia kazi. Bs akiwa bado anakua, kabla ya kutengeneza spora, hutoa sumu nyingine iitwayo Mtx1, kali sana kwa viluwiluwi. Lakini wakati wa kutengeneza spora, proteasi zake mwenyewe huisaga. Bidhaa inayofika sokoni imejaa spora, na nguvu yake kubwa inatokana na Bin, ambayo imehifadhiwa salama ndani ya fuwele.

Usugu

Katika mji wa Recife, Brazil, Bs ilitumika kupambana na Culex anayeeneza matende. Miongoni mwa mbu wa huko walipatikana wenye jeni ya kipokezi iliyopotewa na herufi 19 za DNA. Protini inayotokana na jeni hiyo ni fupi, imekosa nanga, na haikai kwenye ukuta wa utumbo. Ni matokeo yaleyale ya fosfolipasi, ila hapa yanarithiwa. Sumu inamezwa, inayeyuka, inakatwa vizuri kabisa, kisha inapita kwa kukosa pa kushika. Usugu dhidi ya Bs umeripotiwa pia Ufaransa na India.

Kwa Bti, usugu wa namna hiyo haujawa tatizo kwenye mazalia, ingawa imetumika nchi nyingi kwa miongo kadhaa. Sababu inayotolewa zaidi ni kwamba ina sumu kuu nne: Cry4Aa, Cry4Ba, Cry11Aa na Cyt1Aa. Mbu akipoteza kipokezi kimoja, sumu nyingine zina pa kushika, na Cyt1Aa huweka kipokezi cha ziada. Bs hutegemea kipokezi kimoja tu, na huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Pamoja na hayo, Bs ina sifa ambazo Bti haina. Hudumu zaidi kwenye maji machafu, na spora zake zinaweza kuota ndani ya mizoga ya viluwiluwi na kuongezeka. Kwa hiyo ushauri wa kitaalamu ni kuzibadilisha kwa zamu au kuzichanganya, ili Culex asizoee Bs peke yake. Halmashauri inayonunua bidhaa moja mwaka baada ya mwaka kwa kuwa imezoeleka stoo inajitengenezea mbu sugu.

Mbu gani, maji gani

Pwani ya Tanzania ina makundi matatu ya mbu wanaohusika hapa. Anopheles huzaa kwenye madimbwi ya jua, nyayo za ng'ombe na majaruba ya mpunga, na hueneza malaria. Culex huzaa kwenye vyoo vya shimo, makaro na mitaro michafu, na pamoja na Anopheles hueneza vimelea vya matende na mabusha, magonjwa yanayojulikana vizuri ukanda huu. Aedes huzaa kwenye maji safi yaliyotunzwa au yaliyonaswa: mapipa, matairi, vifuu vya nazi. Yeye hueneza dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Bs humuua Culex vizuri sana na humuua Anopheles pia. Aedes aegypti haathiriki inavyotakiwa, hata akiwekewa dozi kubwa. Utumbo wake una glukosidasi ya jamii ileile, tena yenye nanga, lakini umbo lake limetofautiana kidogo na BinB haishiki. Kumwaga Griselesf kwenye mapipa wakati wa mlipuko wa dengi ni kupoteza dawa. Kinachofaa hapo ni Bti, au bora zaidi kufunika pipa.

Kwa Kisarawe jambo hili lina uzito wake. Mji huo, ulio kusini-magharibi ya Dar es Salaam nyuma ya vilima vya Pugu, ulikaa miaka mingi na shida ya maji kabla ya mradi wa bomba kutoka Kibamba kuzinduliwa mwaka 2020. Mahali penye mazoea ya kuhifadhi maji kwenye madumu, mapipa na simtanki, Aedes hana haja ya kutafuta dimbwi. Mazoea hayo hayaishi siku bomba linapofika, hasa vijijini ambako bomba halijafika.

Je, ni hatari kwa binadamu?

Swali hili huulizwa kila dawa inapomwagwa karibu na kisima: mbuzi akinywa je, mtoto akichezea je? Neno sumu linatisha, na anayeuliza ana haki ya kujibiwa. Jibu linatokana na yaliyoelezwa juu. Tumbo letu ni la asidi, kwa hiyo fuwele haipati besi ya kuiyeyusha kama kwa kiluwiluwi, protini husagwa kama protini nyingine za chakula, na seli za utumbo wetu hazina vipokezi vya sumu hizi. Shirika la Afya Duniani limekubali Bti iliyotengenezwa kwa usafi unaotakiwa itumike hata kwenye vyombo vya maji ya kunywa. Sharti hilo la usafi lizingatiwe, maana maji ya chupa ya dawa yanaweza kubeba vijidudu vingine kama uzalishaji si safi. Kuna pia wadudu wasio mbu wanaoweza kufa, hasa visubi wa majini wasiouma, dozi ikiwa kubwa.

Kukosa kipokezi hiki hakumaanishi kwamba utumbo wa binadamu ni salama kwa sumu zote za bakteria. Kipindupindu, ambacho mkoa wa Pwani unakifahamu tangu mlipuko wa delta ya Rufiji mwaka 1977, hufanya kazi kwa kanuni ileile. Sumu yake ina vipande vitano vya kushikia na kimoja cha kudhuru. Vipande vya kushikia hukamata gangliosidi iitwayo GM1, mafuta yenye sukari juu ya seli za utumbo mwembamba. Bakteria wa kipindupindu pia hutoa neuraminidasi, kimeng'enya kinachokata asidi ya siali kutoka kwenye gangliosidi kubwa na kuzigeuza kuwa GM1. Yaani huongeza idadi ya mahali pa kushika. Mwaka 1992 watafiti walilinganisha bakteria wenye jeni ya kimeng'enya hicho na wasio nayo. Kwenye seli zilizooteshwa maabara, ushikaji wa sumu uliongezeka mara 5 hadi 8 pale kimeng'enya kilipokuwepo. Kwa vitoto vya panya tofauti ya ugonjwa ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo neuraminidasi ni msaidizi tu, na bila hiyo kipindupindu bado ni kipindupindu.

Tofauti kati ya magonjwa haya ni hii: bakteria wa kipindupindu wanaweza kujiongezea vipokezi vyao, Bti huleta kimoja chake, na Bs hutegemea kile inachokikuta.

Matumizi

Dawa za namna hii zimejaribiwa Afrika Mashariki kwa kiwango kikubwa. Dar es Salaam ilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mjini mwaka 2004 katika kata 15. Wakazi waliochaguliwa mitaani walikagua madimbwi, na umwagaji wa dawa ulianza mwaka 2006 kwa kata tatu kabla ya kuenea kwa nyingine. Maambukizi ya malaria yalipungua katika kata zilizomwagwa. Mbita, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, viluwiluwi wa Anopheles walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Nchini Gambia, kwenye mabonde yanayofurika kando ya mto, faida ilikuwa ndogo sana, kwa kuwa maji yalikuwa mengi na hayafikiki kwa miguu.

Bonde la Ruvu upande wa Mlandizi, wakati wa masika, linafanana zaidi na Gambia kuliko na mitaa ya Dar es Salaam. Hapo itakuwa vigumu kutegemea pampu ya mgongoni. Mitaa ya Kibaha mjini na Kisarawe mjini, yenye mitaro, makaro na mashimo ya kuchimbwa udongo yanayohesabika, ndiyo yanayofaa.

Utaratibu nao una sababu ya kibaiolojia. Mbu wa Anopheles katika joto letu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili, na Bti huishiwa nguvu baada ya siku chache. Kwa hiyo humwagwa kila wiki. Kiluwiluwi aliyekaribia kugeuka huacha kula, na bundo hali kabisa, kwa hiyo hawa hawafi, kwani sumu isiyomezwa haina pa kuanzia. Mtu anayeona mbu wakiruka kutoka kwenye dimbwi siku mbili baada ya kumwaga asiseme dawa ni bandia kabla ya kuangalia kama viluwiluwi wadogo bado wapo. Wakiwepo wakiwa wazima baada ya siku mbili, hapo ndipo pa kuuliza kuhusu dozi, tarehe ya kutengenezwa, jinsi chupa ilivyotunzwa juani au kivulini, na aina ya mbu aliyemo.